Foleni ya Kituo cha Tisa

Dayamí alikuwa na siku nne za kuokoa nyota bilioni nne, mawe yake elfu moja mia moja na arobaini, na baba yake. Kwa mpangilio huohuo, ukimsikiliza akiongea. Ukimjua vizuri, igeuze orodha.

Balaa lilianza Jumatano juu ya paa la Osmel, mtaani Cerro, Havana. Osmel ndiye mwenye seva. Mtandao watu wa mtaa waliujenga wenyewe, waya kwa waya, paa hadi paa, juu ya matangi ya maji na kamba za nguo, mpaka kwenye antena moja ya kopo la maziwa ya watoto inayotazama ng'ambo ya ghuba, Regla. Intaneti humo hakuna. Humo mna watu na magemu basi, na seva inapepewa na feni ya mezani kama mgonjwa mwenye homa.

"Ndugu zangu," Osmel alisema, amesimama juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Gemu la Ulimwengu Wote linakula nusu ya diski. Nusu! Na ndani yake kuna nini?"

"Nyota!" Dayamí akajibu kutoka nyuma.

"Nyota bilioni nne, sawa. Mimi nimezitembelea mia mbili. Unafika, unashuka, unalipiga jiwe picha, unaliweka stoo, unapanda, unaondoka. Unaenda nyota nyingine. Unafika, unashuka..."

"Mawe yanatofautiana!"

"Rangi, Dayamí! Yanatofautiana rangi! Upana upo, kina hakuna. Watu wametengeneza ulimwengu mzima wakasahau kuweka kitu cha kufanya. Hata ajali hawakuimalizia! Gonga mlima uone. Chombo hakilipuki, hakipigi kelele, kinazimika tu kama balbu, halafu unajikuta bandarini huna hata jiwe moja. Gemu gani hilo, jamani?"

Watu wakacheka. Dayamí akakunja uso. Osmel akatangaza: Jumapili saa nne asubuhi, hapahapa juu ya paa, kura. Wanachama wenye haki ya kura ni sitini na watatu; wengine wameunganishwa tu. Wakifika thelathini, kura ina nguvu, na Ulimwengu Wote linafutwa, linawekwa gemu la mpira. Wakipungua thelathini, hoja inalala miezi sita. Yeye Osmel angekaa na karatasi yake mpaka saa sita mchana.

"Thelathini?" mtu akasema. "Kwa mpira watakuja sitini na wewe na ndoo yako."

Dayamí alibishana mpaka sauti ikakauka, lakini moyoni alijua Osmel hajasema uongo hata neno moja. Kutoka bandarini mpaka Kituo cha Tisa ni saa saba. Unaelekeza chombo, unakaa. Hakuna adui, hakuna mashindano, hakuna chochote. Na hicho chochote kisichokuwepo ndicho alichokuwa anakililia.

Baba yake, Eligio, ni mchora vibao vya maduka. Anaishi Regla tangu aachane na mama yake Dayamí. Akija nyumbani huleta mfuko wa matunda ya mamey, hukaa kwenye ncha ya kiti, huuliza "wazima?", husema "haya basi", huondoka. Miaka tisa hivyo. Mpaka mwaka jana alipopata kompyuta chakavu na chombo chake cha kijivu kikatokea bandarini pembeni ya cha Dayamí. Wakaondoka pamoja. Saa ya kwanza, kimya. Saa ya pili akakohoa. Saa ya tatu, sauti yake ikiwa masikioni mwake kabisa, akaanza kumsimulia kwamba siku Dayamí alipozaliwa, yeye Eligio alikuwa juu ya ngazi anachora ng'ombe wa duka la nyama. Akaletewa habari, akageuka haraka, akaanguka, akavunjika mguu, akapelekwa hospitali ileile, ghorofa ya chini, akawa anamsikia mtoto akilia juu na hawezi kupanda.

Dayamí alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Hakuwa amewahi kuisikia habari hiyo.

Kama gemu lingekuwa na kina, mzee angekuwa anapigana na majoka ya anga. Kwa kuwa halikuwa na kitu, alikuwa anaongea. Sasa hilo utalisemaje mbele ya watu sitini juu ya paa? Ndiyo maana aling'ang'ania mawe.

Alhamisi wakapanga kwenda Kituo cha Tisa, pengine kwa mara ya mwisho. Umeme ukakatika Regla, kwa hiyo Dayamí akatangulia. Akafika kituoni, dude kubwa la chuma lenye mlango mmoja mpana, akasimamisha chombo mbele ya mlango kumsubiri. Hapo bibi yake akapiga yowe kutoka ngazini.

"Dayamí! Kuku wamefika dukani! Kimbia ushike nafasi, mimi nakuja na mfuko!"

Bibi Eneida, mama wa mama yake, haambiwi "ngoja kidogo". Dayamí akaacha chombo kikielea palepale akatoka mbio.

Saa tatu baadaye akarudi na mapaja ya kuku manne, jasho linamtoka, akaketi, akatazama kioo cha kompyuta. Nyuma ya chombo chake kulikuwa na vyombo kumi na moja. Kimoja nyuma ya kingine. Vimenyooka.

"Baba?" akaita kwenye kipaza sauti. "Hii ni nini?"

"Sijui, mwanangu," Eligio akajibu. Alikuwa wa pili. "Nimefika nikakuta umesimama, nikasimama nyuma yako. Akaja huyu wa zambarau, maana wote hawa wamekuja kuliaga gemu, akauliza nani wa mwisho. Nikasema mimi. Wewe ungesema nini?"

Kweli, angesema nini? Mtu wa Havana akiulizwa nani wa mwisho, mdomo unajibu kabla kichwa hakijafika.

Wa zambarau alikuwa Reinerio, dereva wa lori mstaafu, nyumba ya tatu kutoka kwa kina Dayamí. "Wa kwanza amerudi!" akapaza sauti. "Haya binti, tuambie. Wanaleta nini?"

"Hawajasema," Dayamí akajibu. Ulikuwa ukweli mtupu, lakini mstari mzima ukaguna kwa kuridhika.

"Wasiposema ni injini."

"Injini wapi! Mimi nimesikia rangi ya bluu."

"Nani wa mwisho hapo?" sauti mpya ikauliza.

"Mimi, ila mbele yangu kuna shemeji yangu, ameenda kuoga."

Dayamí akakisogeza chombo chake mpaka karibu kabisa na mlango. Akautazama. Akautazama tena. Haukuwa na ukingo. Haukuwa na mwanya. Ulikuwa umechorwa. Wale waliotengeneza ulimwengu mzima walifika Kituo cha Tisa wakachoka, wakachora mlango ukutani wakaenda zao.

Akafungua mdomo awaambie. Halafu akahesabu vyombo: sasa kumi na vinne. Jana yake gemu lote halikuwa na watu watano. Akaufunga.

Bibi Eneida akatokea jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia kupitia spika maneno ambayo hajawahi kuyapuuza tangu azaliwe.

"Hiyo ni foleni ya nini?"

"Hakuna anayejua, bibi."

"Basi ni kitu kizuri." Akavuta kiti. "Orodha anayo nani?"

"Orodha hakuna."

Bibi alimtazama kama amemwambia nyumba haina paa. Miaka thelathini alikuwa ndiye mtu wa foleni wa Cerro. Foleni ya magodoro, foleni ya viatu vya shule, foleni moja mashuhuri ya mafeni iliyokwenda siku sita bila ngumi hata moja. Akatwaa daftari, akamnyang'anya mjukuu wake kipaza sauti.

"Nisikilizeni! Mimi ni Eneida, wa mtaa wa soko. Wanaonijua wananijua. Kila mtu atapewa nambari. Majina yataitwa saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Usipoitika, umefutwa, na usiniletee habari za umeme. Jumapili tutaita pia saa nne asubuhi, maana Jumapili ndiyo siku watu hulala wakajifanya wapo."

"Bibi," Dayamí akanong'ona, "Jumapili saa nne kuna..." Akambusu bibi yake shavuni. "Saa nne ni saa nzuri sana."

Ijumaa asubuhi foleni ilikuwa na watu hamsini na tisa.

"Nambari moja!"

"Nipo," Dayamí akasema, amekaa naye ubavuni.

"Nambari mbili!"

"Nipo, mama."

Kalamu ya bibi ikasimama. Akaziba kipaza sauti kwa kiganja. "Huyo ni nani?"

"Nambari mbili, bibi."

"Usinichezee. Sauti hiyo naijua. Sauti hiyo iliniahidi kunitengenezea bomba la jikoni miaka tisa iliyopita." Akaitazama ile mbili kwenye daftari kwa muda mrefu, kalamu ikielea juu yake. Mwisho bibi akaweka alama ya kuwepo, akabonyeza mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. "Foleni ni foleni. Nambari tatu!"

Kufikia Jumamosi walikuwa mia moja na kumi na nane. Walikuja watu wa Marianao, wa Regla, mpaka jamaa mmoja wa Guanabacoa ambaye kompyuta yake haikuwa na rangi, alikuwa anaona kila kitu kijivu lakini nambari yake anaijua. Bibi aliweka mstari wa pembeni wa wajawazito. Likaja lichombo la mizigo, limetuna tumboni, mwenyewe anadai apite mbele.

"Una miezi mingapi?" bibi akamuuliza.

"Tani mia nane, mama."

"Rudi nyuma, kijana."

Mchana akaja mmoja wa chombo chekundu akachomeka pua kati ya nambari thelathini na thelathini na moja, eti alikuwepo tangu Alhamisi. Kelele zikazuka. Nambari thelathini na moja, mwalimu wa hisabati mpole kuliko wote, kwa hasira akabonyeza vitufe vyote kwa pamoja, na moto wa kijani ukatoka mbele ya chombo chake.

Hata mwekundu akasimama.

"Kumbe vina silaha?" mtu akauliza.

"Kitufe gani? Mwalimu, kitufe gani?"

Mwaka mzima hakuna aliyejua. Ndani ya dakika kumi mwekundu alikuwa anakimbizwa na watu sita kuizunguka sayari ya jirani, na kila mmoja wa hao sita alikuwa amemwomba wa nyuma yake amshikie nafasi.

"Aisee, gemu hili lina kina," Reinerio akasema, anapumua kwa nguvu kama aliyekimbia kwa miguu.

"Kina gani? Si tumesimama tu?"

"Sasa kina kingine unakitaka cha namna gani?"

Jumapili, saa nne asubuhi kamili, Osmel alikuwa juu ya paa lake na ndoo, karatasi na penseli mbili. Akangoja. Paa la jirani kulikuwa na njiwa. Saa nne na robo akapanda mama yake kumletea kahawa. Hayo ndiyo yalikuwa mahudhurio yote. Akachungulia mtaani, na kwenye kila dirisha akasikia sauti ileile ya bibi mmoja: "Arobaini na tisa! Arobaini na tisa, mara ya mwisho naita!"

Akashuka ngazi mbili mbili. Usiku wa Ijumaa alikuwa ameyafungua mafaili ya gemu kutafuta ni nini hicho wanachosubiri, na alijua. Akaingia, na kwa kuwa seva ni yake hakusafiri saa saba: chombo chake cheupe kikatokea pembeni ya foleni, akafungua sauti kwa wote.

"Jamani! Ndugu zangu! Mlango umechorwa! Nyuma yake hakuna kitu! Nimeona kwenye mafaili!"

Watu mia moja na kumi na nane wakageuza vyombo vyao kumtazama.

Halafu sauti ya mama mmoja, taratibu, kutoka nambari sabini na kitu: "Kijana, mbinu hiyo shangazi yangu alikuwa anaitumia kwenye foleni ya sabuni."

Mstari mzima ukalipuka.

"Eti umechorwa! Anataka tuondoke aingie yeye!"

"Nyuma, ndugu, nyuma! Nambari wanagawa kule mwisho!"

"Naapa kwa mama yangu!" Osmel akalia.

"Mama yako nambari tisini na tano, na hajasema kitu!"

"Nimeenda kukupelekea kahawa nikarudi," sauti ya mama yake ikathibitisha.

Dayamí akaanza kucheka, na hapo ndipo Reinerio alipoharibu kila kitu.

"Lakini ngojeni," Reinerio akasema. "Mbona tangu Alhamisi hatujasogea hata mtu mmoja? Foleni ya kuku husogea. Foleni ya pasipoti husogea! Wa kwanza, wewe binti, umegonga hodi kweli?"

"Ni kweli," wengine wakaguna. "Ya mafeni yenyewe ilikuwa inasogea."

"Karatasi iko juu ya paa mpaka saa sita!" Osmel akadakia. "Isiposogea, njooni mpige kura!"

"Nampa robo saa," Reinerio akasema. "Nimesimama siku tatu, mgongo unaniuma. Isiposogea napanda paani, na sipandi peke yangu."

Saa tano kasorobo. Dayamí akahamia chaneli ya wawili, ile ya safari ndefu.

"Baba."

"Nipo."

"Mlango ni wa kuchora."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Alhamisi. Mwanangu, nimechora milango arobaini maishani mwangu. Kivuli cha huo kinaangukia upande wa jua. Mchoraji mvivu."

"Na hukusema!"

Eligio akakohoa, kikohozi kile cha saa ya pili. "Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Sikuwa na haraka."

Dayamí akautazama mlango. Akavitazama vyombo nyuma, mstari unaopinda mpaka kwenye giza, taa ndogo ndogo mia moja na kumi na tisa pamoja na ya kwake, maana Osmel hakuwa ameondoka. Akayakumbuka maneno ya Osmel juu ya ndoo.

"Baba, mtu akigonga kitu, wa nje wanaona nini?"

"Anazimika. Kama balbu."

"Kelele?"

"Hakuna. Hawakuimalizia." Kisha sauti ya Eligio ikaingia kicheko. "Ukiwa nje unaona kama mtu aliyeingia."

Dayamí akafungua stoo ya chombo. Mawe elfu moja mia moja na arobaini. La kijani la sayari yenye mvua. Lile jeusi la Februari, walipoongea habari za mama yake mpaka wakaipita nyota yenyewe. Yote yangepotea. Akafunga stoo.

"Bibi," akasema, "niite."

Bibi Eneida akamtazama mjukuu, akautazama mlango kwenye kioo, akamtazama mjukuu tena. Mwanamke aliyekaa miaka thelathini mbele ya maduka yaliyofungwa anajua mlango usiofunguka ukoje. Akakohoa, akashika kipaza sauti.

"Kimya kwenye foleni! Wameanza! Nambari moja, ingia!"

Dayamí akasukuma usukani mpaka mwisho. Mlango ukaja, mkubwa, ukajaza kioo kizima, akaona hata mistari ya brashi. Kisha weusi. Kisha bandari, mchana mweupe, stoo tupu.

Masikioni mwake kelele za watu mia moja.

"Ameingia! Mmeona? Ameingia!"

"Si niliwaambia! Inasogea! Sogeeni mbele, msisukumane!"

"Nambari mbili!" Bibi akanguruma. "Ingia! Na bomba langu silisahau!"

Dakika moja baadaye chombo cha kijivu kikatokea bandarini ubavuni kwa Dayamí. Halafu, baada ya dakika nyingine, cha zambarau. Reinerio akakizungusha chombo bandarini mara mbili. Siku tatu, mgongo, stoo tupu. Dayamí akafumba macho.

"Reinerio!" watu wakaita kutoka kituoni. "Reinerio, vipi huko ndani? Wanatoa nini?"

Reinerio akavuta pumzi. Alikuwa mtu mzima mwenye heshima zake, na mtaa mzima ulikuwa unamsikiliza.

"Siwezi kusema kwa sauti," akajibu, "lakini kilichobaki ni kizuri. Wahini."

Saa sita mchana mama yake Osmel alipanda paani, akachukua vikombe, karatasi tupu na ndoo, akashuka. Hoja ikalala miezi sita.

Bandarini, Dayamí na baba yake wakaelekeza vyombo vyao Kituo cha Tisa. Saa saba. Saa ya kwanza walikaa kimya, kwa mazoea. Saa ya pili akakohoa.

"Yule ng'ombe wa duka la nyama," Eligio akasema. "Sikukumalizia. Nilipopona mguu nilirudi nikamchora miguu iliyobaki, na ndama pembeni. Wameupaka chokaa ule ukuta siku hizi, lakini mvua ikinyesha anaonekana."

"Ndama?"

"Ndama."

Walifika jioni, bibi akiita majina. Watu wapya walikuwa wameurefusha mstari mpaka nyuma ya sayari; wao wawili wakakaa kwenye mkia wake, na mbele yao kulikuwa na chombo cheupe.

"Nani wa mwisho?" Dayamí akauliza.

Chombo cheupe kikasogea kidogo.

"Mimi," Osmel akajibu. "Lakini nipo kuthibitisha tu."